Pikapu ya Mabati Iliyoenda Kortini

Nyinyi mnaopita hapa Jebel kila asubuhi mkienda shule, mnasimama kwenye kibanda changu, mnashika gari zangu na vidole vya maandazi, halafu mnaniuliza, "Uncle, si wewe ni mkubwa? Mbona unacheza?" Leo mvua imenifungia ndani, kalamu iko, daftari iko. Nawajibu mara moja, msinisumbue tena mpaka mwaka uishe.

Kwanza, mimi sichezi. Nimestaafu. Ndio, chekeni. Watu wengine wanastaafu na mvi na fimbo, mimi nimestaafu na miaka ishirini na nane na meno yote mdomoni. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha bodi za gari na kupiga rangi. Nilianza kule Kitale tulikokimbilia, nikiwa nimemaliza darasa la nane na sina pa kwenda, na nikaendelea hapa Juba tuliporudi nyumbani. Miaka kumi na mbili nimepulizia gari za watu rangi, na rangi nayo ikanipulizia mimi. Siku moja nikakohoa kitu cha bluu. Siku hiyo nilikuwa napaka gari nyekundu. Hiyo bluu ilikuwa ya wiki iliyopita, imekaa kifuani kama mgeni. Daktari akasikiliza mgongo wangu, akaniambia nichague, rangi ama kifua. Nikauliza kama naweza kuchukua nusu nusu. Hakucheka.

Kwa hivyo, somo la kwanza na la bure: ukipiga rangi, funga pua na mdomo na kitu cha maana. Sio kitambaa cha shati. Mimi nilijifunga shati miaka kumi na mbili nikidhani ni mtindo.

Sasa hii mambo ya gari ndogo ilianzaje? Kulikuwa na jamaa Mkenya wa benki, Mutiso, mteja wangu. Vita iliporudi, na sisi tulikuwa bado hatujamaliza kuosha fulana za uhuru, Mutiso akaniomba nimpeleke uwanja wa ndege. Alikuwa ameruhusiwa begi moja tu. Kwa hivyo akaniachia sanduku la karatasi, akasema, "Shika hii, ni dawa ya mawazo." Nikafikiri ni pombe. Kumbe ndani kuna vipande vya plastiki mia na kitu vya gari moja ya mashindano, na karatasi ya maelezo ya Kijapani. Sanduku nikalisukuma chini ya kitanda, likakaa huko mpaka siku ile daktari alinistaafisha.

Gari yangu ya kwanza nikaimaliza kwa siku mbili. Nilijiona bingwa. Halafu nikaisukuma mezani, haiendi. Gundi ilikuwa imeshika matairi yote manne. Usukani nao ulikuwa umeshika kwenye kidole changu cha shahada, na nikatembea nao kutwa nzima nikielekeza watu njia. Mama Nakku, jirani yangu Mganda mwenye kuuza chapati, ndiye aliniokoa na mafuta ya kupikia ya moto kidogo. Akasema, "Weye mutu muzima, iko na usukani kwa kidole. Bibi atakutaka aje?"

Plastiki ya sanduku ikaisha, na hapa hakuna duka la kuuza nyingine. Ndio nikaanza na mabati. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo siri ya kazi na mimi sio mchoyo.

Kipimo changu ni kumi kwa moja. Kila sentimita kumi ya gari kubwa ni sentimita moja ya gari ndogo. Usikisie. Mtu anayekisia anatengeneza viatu, sio gari. Bodi natoa kwenye mikebe ya nyanya na makopo ya mafuta. Ya nyanya ni laini, inakunjika kama karatasi, ya mafuta ni ngumu, hiyo weka kwa chesisi. Matairi ni soli ya kandambili, lakini tafuta kandambili iliyoisha, mpya inaruka kama chura. Taa za mbele ni ile plastiki ya vidonge vya malaria. Unakata kale kakofia ka kidonge kimoja, unaweka karatasi ya sigara ya kung'aa nyuma yake, na hapo gari inakuangalia. Ekzosi ni mrija wa kalamu ya biki. Rangi ni ya kucha, na hapa ndipo dada zangu walinitenga, kwa sababu kila chupa ikipotea nyumbani nilikuwa mimi. Ipige na brashi nyembamba, safu tatu, kila safu iachwe ikauke. Kung'arisha ni dawa ya meno na kipande cha blanketi.

Halafu kuna vumbi. Gari ya Mutiso kwenye picha ya sanduku ilikuwa safi kabisa. Gari safi Juba ni uongo. Mimi nachukua udongo mwekundu wa hapa Jebel, nachuja na soksi ya nailoni, nachanganya na gundi ya maji, halafu napiga chini kwa chini, milango mpaka nusu, nyuma kuliko mbele. Kwenye kioo cha mbele naacha zile nusu duara mbili za waipa. Mtu akiona zile nusu duara anasema, "Hii gari naijua." Hapo umemshika.

Basi. Sasa tuingie kwa Mzee Lado.

Mzee Lado ndiye alinipokea niliporudi kutoka Kenya, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Alikuwa dereva wa malori zamani, Juba mpaka Mombasa, na Kiswahili chake alikiokota barabarani pamoja na misumari. Gereji yake ilikuwa hapa Jebel, nyumba yake iko mtaa unaoitwa Juba Na Bari, karibu na mto. Alikuwa na pikapu ya kijani ambayo aliipenda kuliko watu wengi, mimi nikiwa kati ya hao watu. Alinifundisha kusikiliza bati kwa kugonga na kucha; mahali penye filla, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati, mlio unakufa. Alinifundisha pia kunyamaza, hiyo nilishindwa mtihani.

Vita iliporudi, watu wenye silaha walimsimamisha barabarani na pikapu yake, wakamwambia ashuke, gari inabaki. Alishuka. Alitembea na miguu mpaka nyumbani, na funguo za ziada mfukoni. Wiki hiyo hiyo gereji nayo ikaungua, na makaratasi yote ya gari ndani. Tangu hapo Mzee alikaa tu. Mimi nilienda kupiga rangi kwa watu wengine, yeye akakaa. Binti yake yuko kambini Uganda, na kila simu alikuwa anamwambia, "Baba, njoo." Na yeye kila simu anasema ngoja kwanza.

Nilipostaafu nikawa napita kwake asubuhi. Nikamwona anapungua. Sio mwili. Mtu ambaye alikuwa anatukana karbureta kwa lugha nne sasa anasema "sawa" kwa kila kitu. Ndipo nikasema nitamtengenezea pikapu yake, kumi kwa moja, kijani ile ile. Rangi ya kucha ya kijani haikuwepo Juba nzima. Nikachanganya bluu na njano ya Mama Nakku, ambaye aliniuliza kama nimeanza kupaka kucha za miguu.

Nilitaka iwe kitu cha kumshtukiza. Lakini siku ya tano alikuja mwenyewe hapa kibandani, akaiona. Halafu akavuta kiti. "Hapana," akasema. "Kioo ya pembeni ya kulia ilikuwa na ufa. Wewe umeweka zima." Nikafurahi mpaka nikaangusha koleo. Mzee amekataa kitu.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Mimi nilikuwa najua nje ya ile gari, yeye anajua ndani. Mimi nakumbuka mkunjo kwenye paa, karibu na kona ya nyuma, ambao niliunyoosha na ukakataa kulala kabisa. Yeye anakumbuka uzi wa kiti umetoka wapi, kisahani cha majivu kimekatika jino gani. Tukabishana kama watu wa ndoa. Dashibodi niliitengeneza mara tatu. Zulia la chini nilikata kwenye kofia kuukuu ya sufi.

Na nilipofika kwenye hilo zulia, upande wa dereva, mkono wangu ukasimama.

Sasa hapa nawaungamia, wadogo zangu. Baada ya uhuru ikatangazwa kwamba gari zenye usukani wa kulia hazitakiwi, kwa sababu sisi huku tunapita upande wa kulia wa barabara na dereva anatakiwa akae kushoto. Gari karibu zote za kutoka Uganda na Kenya ni za usukani wa kulia. Jebel nzima ikawa ni kuhamisha usukani, foleni mpaka barabarani. Pikapu ya Mzee ilikuwa imetoka Mombasa, usukani kulia. Wakati huo kulikuwa na msiba wa ndugu yake, kule mji wa Yei. Akaniambia, mimi naenda siku nne, hii gari hamisha wewe peke yako. Ukimaliza vizuri, utakuwa fundi. Ukiharibu, utakuwa hivyo hivyo ulivyo.

Ili uhamishe usukani, lazima utoboe ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dereva. Unachora matundu ya upande wa zamani kwenye katoni, halafu unapeleka katoni upande mpya. Lakini unatakiwa uigeuze, tumbo liwe mgongo, kama vile kiatu cha kulia na cha kushoto. Mimi sikugeuza. Nilikuwa naimba. Nikakata. Nilipoleta usukani, ukatokea pale klachi inapotakiwa. Nikakaa chini kwenye oili.

Basi nikakata tundu jingine mahali sawa. Lile la makosa, kubwa kama kiganja, nikaliziba na kipande cha kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, lenye mchoro wa ua la alizeti. Upande wa injini nikapaka lami. Upande wa dereva nikafunika na zulia, nikaligundisha. Riveti za kukishikilia kiraka zilitakiwa nane, nilikuwa na saba. Mzee akarudi kutoka Yei, akaendesha mpaka mtoni na kurudi, akashuka, akanipa mkono mbele ya gereji nzima. Akasema, "Kazi safi." Mimi nikasema asante. Mnaona mtu huyo? Mtu huyo ni mimi.

Kwa hivyo nilikaa na pikapu ndogo mkononi, Mzee amekaa mbele yangu anakunywa chai, na nikajiuliza, kiraka naweka ama siweki? Akaenda kuongeza sukari kwa Mama Nakku. Haraka haraka nikakata kipande kidogo cha bati, nikachora alizeti kwa sindano, nikaweka vichwa saba vya pini, nikafunika na zulia, nikagundisha. Kazi ya kumi kwa moja haidanganyi, hata kama fundi wake amedanganya. Aliporudi nilikuwa napuliza miluzi.

Siku mbili baadaye simu ya binti ikaja tena, na safari hii Mzee hakusema ngoja. Aliniambia bila kunitazama, "Ijumaa mimi nakwenda. Hii ndogo nitabeba kwa magoti. Inatosha." Nikasema sawa. Haikuwa sawa. Mtu anaaga Juba na gari ya mkebe kwenye mapaja.

Jumanne hiyo nilikwenda sokoni kutafuta makopo. Pikapu nyeupe ikapita mbele yangu imejaa magunia ya mkaa, na jua likagonga paa lake. Kwenye kona ya nyuma nikaona ule mkunjo wangu. Nyie, mnaweza kusahau sura ya shangazi yenu, lakini bati ambalo umegombana nalo wiki nzima hulisahau. Nikakimbia nyuma yake na kifua hiki hiki kibovu, mpaka iliposimama kushusha. Rangi ilikuwa imepigwa na mtu anayejua, nyeupe sawasawa, hakuna mchirizi. Niliona wivu kidogo, nisiseme uongo. Nikagonga kwenye kona na kucha. Mlio ukafa. Filla yangu.

Mwenye gari ni mfanyabiashara wa mkaa anaitwa Taban. Sio mwizi. Aliinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu, na ana karatasi ya kuuziana yenye alama ya dole gumba. Nilipomwambia hiyo ni gari ya Mzee Lado, aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, nenda ukale.

Nikamwambia Mzee, tukaenda kwa sultan, ndivyo tunavyomwita chifu huku. Korti yake inakaa asubuhi chini ya paa la nyasi, yeye katikati, wazee wawili kila upande, askari mmoja wa kunyamazisha watu. Kesi ikawekwa Alhamisi, na Taban akaambiwa alete gari. Usiku huo nilimwambia Mzee, beba ile ndogo. Akasema ya nini. Nikasema beba tu.

Alhamisi watu walijaa. Mama Nakku alifunga biashara ya chapati, na hiyo hajawahi kufanya hata kwa Krismasi. Alipakata pikapu ndogo imefunikwa na kanga, kama anapeleka mtoto kubatizwa.

Sultan akauliza Mzee, karatasi iko wapi. Imeungua. Namba ya chesisi? Askari akaenda kuangalia, akarudi, imesagwa, hakuna namba. Taban akatoa karatasi yake ya dole gumba. Akaongea vizuri, kwa heshima, na nikaona wazee wanamkubali kwa kichwa. Mzee akasema gari yake ilikuwa kijani. Taban akasema yake ni nyeupe. Watu wakacheka. Mzee akasema iligongwa nyuma. Taban akasema, sultan, nionyeshe pikapu moja Juba ambayo haijagongwa nyuma, niichumbie. Wakacheka tena, hata mimi nilicheka, samahani. Mzee alianza kukunja mikono, vile alivyokuwa anaikunja akikaa tu nyumbani. Nikajua anaondoka. Yuko pale lakini tayari yuko Uganda.

Nikasimama. Nikampokea Mama Nakku ule mzigo, nikafunua kanga.

"Sultan," Taban akasema, "huyu ameleta gari ya panya."

Sultan akaangalia ile pikapu, akaniangalia mimi, akauliza nina miaka mingapi. Nikamwambia, na nikamwambia nimestaafu. Ilichukua muda watu kunyamaza.

Nikaeleza. Hii ni gari ya Mzee kabla haijaibiwa, kila kitu kumi kwa moja, tumeitengeneza kabla hatujaiona hiyo nyeupe, na Mama Nakku ni shahidi kwa sababu rangi ni ya kucha zake. Sultan akaweka miwani. Akaagiza gari kubwa isiguswe na mtu, kwanza niseme, halafu wakaangalie. Akataka mzee mmoja aje kusimama karibu yangu ahakikishe. Huo ndio ulikuwa ujanja wake, na ulikuwa ujanja mzuri.

Nikaanza na paa. Mkunjo, kona ya nyuma. Wakaenda, wakapapasa, upo. Taban akasema mti ulianguka. Nikasema ufa kwenye kioo cha kulia. Kimebadilishwa. Kisahani cha majivu, jino limekatika. Wakaangalia; kisahani chote hakipo. Taban akafungua mikono kama padre. Sultan akavua miwani, akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwangalia Mzee Lado. Alinipa ishara na kidevu, nikae, inatosha. Uso wake ulikuwa mpole sana. Laiti angekuwa amekasirika.

"Sijamaliza," nikasema. "Iko kitu moja ambayo hata Mzee hajui."

Nikatoa kisu, nikaingiza chini ya zulia la pikapu ndogo, upande wa dereva, nikalivuta. Yule mzee wa korti akainama kuangalia.

"Chini ya zulia la gari kubwa, hapa hapa, kuna tundu nilitoboa kwa makosa nikihamisha usukani. Nililificha. Nimeziba na kopo la mafuta, lina ua la alizeti, ua linaangalia dereva. Riveti ni saba. Juu kulia hakuna."

Sikumwangalia Mzee tena. Niliangalia miguu yangu. Miguu yangu ilikuwa michafu.

Wakaenda kwenye gari, sultan mwenyewe safari hii, na Taban nyuma yake. Zulia likakataa, gundi yangu ilikuwa ya kazi, asante. Askari akavuta mara mbili, likachanika. Nikasikia sauti ya Taban, ndogo kabisa, anahesabu. Moja, mbili. Alipofika saba akasimama. Akahesabu tena kutoka upande mwingine, akapata saba zile zile.

Nitawaambia kwanza yaliyokuja baadaye, ndio nimalizie na siku yenyewe. Sultan alitoa hukumu hapo hapo, gari ni ya Mzee Lado, na akampa Taban askari wa kumsaidia kumtafuta mwenye dole gumba. Pikapu yangu ndogo aliishika, akasema ni ushahidi na itakaa kortini. Iko pale mpaka leo mezani kwake, na nimesikia anaisukuma kidogo watu wasipoangalia. Matairi yanazunguka. Mzee naye Ijumaa ile hakwenda Uganda; binti akaambiwa tena ngoja kwanza. Na Taban, mwezi haujaisha, alikuja hapa na gari nyingine, akasema, nitengenezee hii, ndani na nje. Nikamuuliza niweke nini. Akasema weka kila kitu, hasa yale mabaya. Tangu hapo ni foleni. Watu wa Jebel hawaamini tena karatasi, wanataka gari yao ya mkebe imefungiwa kabatini. Mimi mstaafu nina kazi kuliko nilivyokuwa kazini.

Sasa siku yenyewe. Watu walitoka kwenye paa la nyasi wanapiga kelele, Mama Nakku anacheza na kanga juu ya kichwa. Taban na watu wake wakashusha magunia. Mimi nilibaki nyuma ya nguzo. Mzee Lado alikwenda polepole kwenye gari yake, akafungua mlango wa dereva, akainama. Mgongo wake haukuniambia kitu.

Halafu akaniita. Nikaenda.

"Katoni," akasema. "Hukugeuza."

"Sikugeuza, Mzee."

"Ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa naimba."

Akapapasa lile ua na kidole gumba, akafuta mkaa uliokuwa juu yake. "Hii mwaka yote mimi nakanyaga maua," akasema, na mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, akanitukana kwa Kibari, Kiarabu, Kiswahili, na kitu kingine ambacho nafikiri ni cha Mombasa. Lugha zote nne. Nilitamani asimalize.

Nikazunguka kwenda mlango wa abiria. Akaweka mkono.

"Wewe panda nyuma. Mbele ni ya mama ya chapati. Yeye hatoboi gari ya mtu."

Akatoa zile funguo za ziada, zilizokaa mfukoni tangu siku ile aliyoshushwa. Ikawaka mara ya pili. Nikapanda nyuma kwenye vumbi la mkaa, tukatoka Jebel kwenda Juba Na Bari, yeye anapiga honi kwa kila anayemjua na kwa wengi asiowajua, Mama Nakku ametoa nusu ya mwili dirishani. Mimi nimesimama, nimeshika paa juu ya ule mkunjo, napungia watu mkono kama rais. Watu walinipungia pia. Jasho na mkaa vilikuwa vimenifanya mweusi tii mpaka kope.

Kwenye mzunguko askari wa trafiki akatusimamisha. Alizunguka gari, akaangalia huko nyuma, hakuna gunia, hakuna tangi la maji, hakuna mbuzi. Kuna mimi tu, nacheka peke yangu. Akarudi dirishani kwa dereva.

"Mzee, umebeba nini?"

Mzee Lado hakugeuka hata kuangalia. Alitia gia.

"Fundi yangu," akasema, tukaenda.